Kabla hujafungua mfuko wa pili wa urea

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kabichi zangu nusu eka zimekuwa za njano. Nimeshamaliza mfuko mmoja wa mbolea ya urea. Niongeze wa pili?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi niliongeza.

Ilikuwa vuli ya 2023, ile ya El Nino. Shamba langu liko kwenye mteremko upande wa Mgeta, Morogoro, na chini yake kuna kijito, kisha bwawa la perege la mjomba. Kabichi zilipopauka nikamwaga mfuko wa pili jioni, juujuu, bila kufukia. Mawingu niliyaona. Nikajisemea mvua itanisaidia kuyeyusha. Ilinyesha mpaka alfajiri. Asubuhi mifereji ilikuwa imechimbika katikati ya matuta, udongo wa juu umekwenda na DAP, mbolea niliyopandia.

Baada ya siku kadhaa jua likatoka na bwawa likawa kijani kama mlenda. Mbolea haichagui: ikikosa kabichi inalisha mwani. Usiku mwani ulio hai, na ule unaooza, humaliza hewa ya majini. Mjomba alikuta perege alfajiri wamejaa juu, midomo wazi. Kufika saa nne walikuwa wanaelea.

Nililipa. Lakini mwaka uliofuata, kwenye harusi, mbele ya wakwe, mjomba akanitambulisha: "Huyu ndiye bwana mbolea." Watu walicheka. Bado naisikia ile sauti.

Nikapeleka udongo SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kupimwa. Ulikuwa na tindikali. Mbolea ipo, mmea hauwezi kuila vizuri. Nilihitaji chokaa ya kupunguza tindikali na samadi ya mbuzi, na mimi nanunua urea! Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, chakula cha majani. Jiulize kabichi zako zinakula ngapi, na zinazobaki zinakwenda wapi. Huku kwetu jibu ni Mto Mgeta, halafu Ruvu, halafu mabomba ya Dar es Salaam. Nyingine inageuka naitreti na kuzama hadi visimani, na maji yenye naitreti nyingi ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo.

Sasa nafanya hivi: nusu kisoda cha urea kwa mche, mara mbili kwa msimu, nafukia pembeni ya shina. Naangalia mawingu kwanza. Matuta yanakata mteremko, hayashuki nao. Kando ya kijito nimeacha ukanda wa mabingobingo; yanazuia udongo, na mbuzi wanakula. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Nikiwa mkweli, nikizitoa zote nitabaki na shamba la kupanda mchicha. Nimeacha nilizoweza.

Msimu huu mfuko mmoja haukuisha, na kabichi zilijaza Fuso. Waliocheka harusini waliniomba miche.

Ndugu zangu, tuache kulima kwa hasira. Mmea ukiwa wa njano chimba, tazama mizizi, pima udongo. Na mawingu, jamani, angalieni mawingu!

Mwezi uliopita mjomba kapandikiza vifaranga vya perege tena. Hajaniambia yeye, nimesikia kwa mke wangu.