Kibo imelala, haijazimika

Neno la Kiingereza linalofaa kwa Kibo, kilele cha volkano cha Mlima Kilimanjaro, ni "dormant", wala si "extinct" kama kilivyoandika kipeperushi kimoja kuhusu mlima huo, kwa sababu la kwanza limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kulala, na aliyelala huweza kuamka, ilhali la pili ni la kitu kilichozimika kabisa, kama Shira na Mawenzi, vilele vingine viwili vya volkano vya mlima huo. Sisi waongoza watalii wa Moshi huwaonyesha wageni wanaofika shimo la Reusch, lililo juu ya Kibo, mvuke unaonuka salfa, ambao ungali ukitoka humo. Akaunti ya benki isiyoguswa muda mrefu nayo huitwa "dormant". Lakini safari iliyositishwa kwa sababu ya mvua ni "suspended", maana hapo yupo mtu aliyeamua kuisimamisha.