Ile chupa ya asidi ya pikriki kwenye kabati la labo

Ndugu uliyeuliza kuhusu chupa ya "acide picrique" mliyoikuta nyuma ya kabati la labo huko Kampemba, imekauka na kuganda: aliyekuambia ni dawa ya mabomu hakutanii. Na wewe unayesema ni dawa ya kupimia kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo), husemi uongo. Ni kitu kilekile.

Nimefanya kazi labo za hapa Lubumbashi tangu tukipima kreatinini kwa mkono. Max Jaffe alionyesha mwaka 1886 kwamba kreatinini ikichanganyika na asidi hiyo penye soda kostiki, njano hugeuka rangi ya chungwa. Hadi leo hospitali nyingi hupima figo hivyo. Watu wa histolojia, wanaochunguza vipande vya mwili kwa hadubini, wanayo ndani ya Bouin, maji ya kuhifadhia vipande hivyo, pamoja na fomalini. Ikikushika vidoleni utatembea na njano siku kadhaa. Zamani walitilia rangi hariri.

Miaka hiyohiyo ya 1880 Wafaransa waliijaza kwenye makombora wakaiita melinite, Waingereza wakaiita lyddite. Wajapani waliitumia dhidi ya meli za Warusi kwenye mapigano ya baharini ya Tsushima, 1905. Baadaye majeshi yalihamia TNT, kilipuzi kingine, na sababu mojawapo inakuhusu: ikikaa na metali kama risasi au shaba hutoa chumvi ziitwazo pikrati, na baadhi yake hulipuka kwa kusuguliwa tu. Ndiyo maana makombora yalipakwa vanishi ndani.

Labo tunalindwa na maji: ikiwa imelowa hailipuki kirahisi. Huuzwa ikiwa imelowa, maji kama asilimia 30 au zaidi. Sasa weka chupa miaka na miaka, kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba kikipita juu yake, kifuniko kimelegea. Fuwele zikishaingia kwenye nyuzi za kifuniko, kukizungusha ndiko kuzisugua. Kikiwa cha metali, mbaya zaidi.

Kwa hiyo usiifungue, hata kwa nia ya kuongeza maji. Usiisogeze. Funga chumba, mwandikie mkubwa wako barua, waitwe wategua mabomu wa polisi au jeshi. Mkubwa akisema mlinzi aipeleke jalalani, kataa, na umzuie mlinzi.

Kitendanishi (dawa ya kupimia) cha kreatinini kilichokuja tayari kwenye boksi la vipimo hakina shida hiyo, kimezimuliwa sana. Ila msikimwage kwenye sinki mkaacha mabaki yajikusanye, hasa penye bomba la shaba. Nasi katika mji huu shaba haituishi.