Barua kwa mwanangu: bei ya nyumba ikishuka, anayenunua ni nani?

Mwanangu Neema,

Huku Reading hatujambo, na goti la baba yako limepoa. Swali lako la Jumapili sijalisahau. Ulisema mna pauni 25,000 za kianzio, yaani fedha za kutanguliza kabla benki haijakopesha zilizobaki, mmeipenda fleti ya pauni 250,000 hapo Bristol, ila kazini kwenu kila mtu anasema bei zitaanguka, je, mngoje? Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa nawahi zamu. Nikae nikujibu vizuri, maana jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Ulikuwa mdogo, hukujua kwa nini mama alikuwa halali.

Mwaka 2007 tulipata nyumba ya vyumba viwili nyuma ya Oxford Road, kwenye ile mitaa ya nyumba za matofali mekundu zilizoshikana. Mlango wa kijani, uani mti mmoja wa tufaha. Pauni 190,000. Benki wakati ule zilikuwa zinakopesha hadi asilimia 95 ya bei bila shida, kwa hiyo tulihitaji kianzio cha pauni 9,500, nasi tulishafikisha 8,000 na kitu. Septemba tukaona kwenye televisheni watu wamepanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock wakitoa akiba zao. Sikujua kama foleni ile inanihusu.

Bei zikaanza kuporomoka. Kufikia mwanzoni mwa 2009 nyumba za Uingereza zilikuwa zimepoteza karibu moja ya tano ya bei. Ile yetu (nilishaizoea kuiita yetu) ikashushwa hadi pauni 160,000. Serikali nayo ilikuwa imesamehe kwa muda ushuru wa manunuzi kwa nyumba zisizozidi pauni 175,000. Machi Benki Kuu ikateremsha riba yake hadi asilimia 0.5. Nikaona Mungu amejibu. Nikavaa vizuri, nikachukua bahasha ya hati zetu za mshahara, nikaenda benki.

Dada aliyenihudumia alikuwa mpole. Aliniambia mkopo wa asilimia 95 haupo tena, kwa watu kama sisi wanataka robo ya bei mkononi. Robo ya 160,000 ni 40,000. Akaiandika kwenye kijikaratasi cha manjano akanisogezea, nikakiangalia kile kijikaratasi hadi macho yakauma. Bei ilikuwa imepungua pauni 30,000, kianzio kikapanda pauni 30,500. Na mwezi uleule ghala alikofanya kazi baba yako lilikuwa limempunguzia zamu, kutoka tano kwa wiki hadi tatu.

Nyumba ilinunuliwa na mtu mwenye fedha taslimu. Nilikuwa nikipita na basi namba 17 kila asubuhi, kibao cha kuuzwa nakiona pale kwenye kona. Siku moja hakipo. Baada ya wiki chache kikachomekwa kingine: inapangishwa. Nikapiga simu kuuliza kodi. Ilizidi ile tuliyokuwa tunalipa.

Hatukuwa peke yetu, mwanangu. Mwaka 2008, bei zikiwa zinashuka kila mwezi, idadi ya watu walionunua nyumba yao ya kwanza nchi hii ilianguka hadi karibu nusu ya mwaka uliotangulia. Ndiyo maana nakwambia, ukisikia bei zitashuka, uliza kwanza zinashushwa na nini. Kama zinashuka kwa sababu nyumba nyingi zimejengwa, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na natamani sana niione siku hiyo. Lakini zikishuka kwa sababu benki zimeogopa au kazi zimepungua, anayefungiwa mlango wa kwanza ni huyu mwenye kianzio kidogo na ajira ya juzi. Babu yako kule Muheza alinunua kiwanja kwa fedha za mkononi, akajenga tofali kwa tofali miaka kumi na moja. Mtu wa namna hiyo kiwanja kikishuka bei ananufaika papo hapo. Ninyi mnanunua kwa fedha za benki, na fedha za benki nazo zina bei yake.

Uliyaona mwenyewe 2022. Baada ya ile bajeti ya Septemba, serikali ilipotangaza kupunguza kodi kwa fedha za kukopa, benki ziliondoa mamia ya mikopo ndani ya siku chache, na Oktoba riba ya wastani ya mikopo ya miaka miwili ikavuka asilimia 6. Nimekaa na kalamu nikaipigia hesabu fleti yenu. Mkopo wa pauni 225,000 kwa riba ya asilimia 2, miaka 25, ni kama pauni 954 kwa mwezi. Sasa chukulia bei imeshuka asilimia kumi, kianzio wamebaki kukitaka asilimia kumi, mkopo ukawa 202,500, lakini riba ni asilimia 6: mnalipa kama pauni 1,305. Fleti imekuwa rahisi kwa pauni 25,000, nanyi kila mwezi mnatoa pauni 350 zaidi.

Wapo waliofaidi 2009, siwezi kukuficha. Waliokuwa na kianzio kinene na kazi isiyotikisika walinunua rahisi wakapata na riba ndogo. Na wapo walionunua 2007 kwa kianzio kidogo, wakanasa bei ziliposhuka. Jirani yetu wa juu alihamishiwa kazi Leeds akashindwa kuuza, kwa sababu deni lilizidi thamani ya nyumba. Alikuwa analala Leeds siku nne kwa wiki, watoto wanabaki na dada yake.

Kwa hiyo msinunue kwa kuogopa, wala msikae mkisubiri anguko. Muulizeni mshauri wa mikopo mtalipa ngapi riba ikipanda kwa asilimia mbili, tuseme kutoka 4 hadi 6, na kama mshahara mmoja ukikatika mtaweza miezi sita. Mkiweza, na mnaona mtaishi hapo si chini ya miaka mitano, chukueni. Msipoweza, endeleeni kuongeza kianzio. Baba yako na mimi tuna pauni 3,000 tulizoweka kwa ajili yenu. Usinibishie, tulishakubaliana.

Nitumie makaratasi ya fleti niyasome. Ijumaa niko zamu ya usiku, nipigie Jumamosi baada ya saa nane mchana. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako