Wito peke yake haumbakishi muuguzi

Kila muuguzi anapoacha kazi, utasikia wakubwa wakisema, "Siku hizi wito umepungua." Nimekaa wodini muda wa kutosha kuwakatalia. Wengi niliowaona wakiondoka waliingia na wito tele. Walichokosa ni mtu wa kusimama nao siku mambo yalipoharibika.

Nikisema msaada, sizungumzii keki ya Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei (keki tunakula, hatukatai). Nazungumzia yanayotokea ndani ya zamu. Nikiwa bado mgeni kazini, mgonjwa wangu alifariki usiku. Kiongozi wa zamu hakunihutubia. Alichukua trei yangu ya dawa, akaniambia, "Kaa kwanza, unywe maji. Hawa wengine nitawazungukia mimi." Aliporudi tukaandika ripoti pamoja, mstari kwa mstari, mpaka mkono wangu ukaacha kutetemeka. Kwingine nilikofanya kazi, swali la kwanza baada ya kifo lilikuwa, "Nani alikuwa zamu?" Huko watu walijifunza kuficha, na aliyepata pa kwenda alikwenda.

Ila tusidanganyane, upole hauzibi pengo la wafanyakazi. Utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa masuala ya uuguzi, na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi huyo kuishiwa nguvu na kazi.

Kwa hiyo, kiongozi wa wodi, kama huna uwezo wa kuajiri, anza na ratiba. Itoe mapema, na usiibadilishe usiku wa kuamkia zamu. Ukimwomba mtu aunganishe zamu, mrudishie ofu yake kabla hajakukumbusha. Ndugu wa mgonjwa wakimfokea muuguzi wako, msikilize yeye kabla hujaomba radhi kwa niaba yake.

Nawe unayefikiria kuacha, jiulize kama umechoka na uuguzi au umechoka na wodi hiyo. Omba uhamisho kabla hujaandika barua. Na unapoomba msaada, taja unachotaka: "Nina wagonjwa wawili wa kuongezewa damu kwa wakati mmoja, naomba mtu wa kukaa na huyu mmoja." Ukisema tu "nimezidiwa", utajibiwa kwamba sote tumezidiwa.