Mnayoniuliza kuhusu bastola za Texas

Tangu ile picha yangu nikiwa renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, nimeshika karatasi yenye matundu, isambae kwenye kundi la familia, maswali hayajakoma. Shangazi anauliza kama nimeingia kwenye ujambazi. Shemeji wa Mwanza anataka nimfungie bastola moja kwenye pipa la nguo ninalotuma nyumbani. Vijana wanataka kujua ipi kali. Mdogo wangu aliyepata viza ya masomo anauliza akitua tu anunue wapi. Najibu wote kwa mpigo, na sitapamba.

Mimi ni dereva wa lori, naishi nje kidogo ya Houston. Wiki ambazo niko nyumbani, Jumamosi asubuhi naenda renji kutoboa karatasi. Siwindi, sina adui, na sikununua bastola kwa ajili ya wezi. Nimeupenda ule mchezo wenyewe, basi. Shangazi, lala usingizi.

Kununua ni rahisi kuliko mnavyofikiri ninyi, ila kuna mitego ambayo sinema hazionyeshi. Kwenye duka lenye leseni ya serikali kuu unajaza fomu inayoitwa 4473. Unaulizwa kama umewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa, kama una amri ya mahakama ya kukukataza kumsogelea mwenzi wako, kama unatumia bangi au dawa nyingine za kulevya. Kwenye bangi fomu yenyewe inasema kwamba hata kama jimbo lako limeiruhusu, serikali kuu bado haiitambui ruhusa hiyo. Muuzaji anatuma taarifa zako kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi mwaka 1998, na mara nyingi jibu linarudi kabla hujamaliza kuangalia mikanda ukutani: endelea, subiri, au hapana. Ukiambiwa subiri na siku tatu za kazi zikapita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji akukabidhi. Mimi hilo linanishangaza mpaka leo.

Na hayo ni ya dukani. Hapa Texas jirani akimuuzia jirani mwenzake wa jimbo hilohilo, hakuna fomu wala FBI. Wenzangu wa renji wengi wanaona ni uhuru wao. Mimi naona ni mlango wa nyuma ulioachwa wazi makusudi, na nimewaambia hivyo. Tunabishana, kisha tunakopeshana risasi.

Sasa mdogo wangu, sikiliza vizuri. Viza ya masomo si grini kadi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua kama raia, akionyesha namba yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, matembezi au kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bastola wala risasi zake, isipokuwa awe na kibali maalumu kama leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapahapa Marekani. Asiye na karatasi kabisa, ni jela kisha ndege. Usije ukafika hapo kaunta, mtu akakuambia "weka tiki tu hapa kwenye raia." Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la serikali kuu, na kujiita raia wakati si raia kunaweza kukufungia njia ya uhamiaji maisha yako yote. Hata sisi wenye grini kadi, hatia ya kosa la silaha inaweza kuturudisha nyumbani, miaka ya kukaa huku isikusaidie kitu.

Mwingine atakuomba umnunulie kwa jina lako, atakurudishia hela. Huyo mkimbie, hata kama mmetoka naye kijiji kimoja. Swali kuhusu nani hasa ndiye mnunuzi limo kwenye fomu, na tangu sheria ya mwaka 2022 adhabu ya kununua kwa niaba ya mtu mwingine inaweza kufika miaka 15.

Ipi kali? Vijana, mnauliza swali la sinema. Nitawajibu kama mtu anayelipia risasi kwa jasho lake.

Anayeanza aanze na bastola ya risasi ndogo ya .22. Kampuni ya Ruger walianza biashara yao mwaka 1949 na bastola ya aina hiyo, na wajukuu wake bado wanauzwa. Haipigi teke, haitishi masikio sana, na sanduku la risasi 50 ni kama dola tano. Wanaume wengi wa kwetu wakifika hapa wanaona aibu kushika .22, wanasema ni ya watoto. Wanachukua kubwa, wanapiga dari na sakafu, wanaondoka wanasema renji ina upepo. Renji yetu ni ya ndani.

Ukishazoea, nenda kwenye milimita 9. Hapo utaikuta Glock kila kona. Glock 17 ilichukuliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, fremu yake plastiki, watu wakaicheka, leo iko kiunoni mwa polisi wengi wa Marekani. Mimi nina ndogo yake, Glock 19, inayobeba risasi 15. Si nzuri kwa macho. Triga yake ni kama kubonyeza kalamu ya bei rahisi. Lakini inafunguka kwa vipande vichache, inasafishika upesi, na vipuri vyake viko kila duka. Nilichokipenda kweli kilikuwa CZ 75 ya Wacheki, ya chuma, nzito, inayokaa mkononi kana kwamba fundi alichukua vipimo vya kiganja changu. Nilichagua Glock kwa sababu ya bei, kama dola 550, na bado naitamani ile nyingine.

Sikubaliani na wauzaji kwenye jambo moja hasa. Mwanamke akiingia dukani, wanamtolea kirivolva kidogo cha risasi tano, chepesi kama simu, wanamwambia kinamfaa mkono wake. Bastola ndogo na nyepesi ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga. Teke lake lote linaingia kwenye kiganja, triga ni nzito, na umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ya kulengea ni mfupi, hivyo kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye karatasi. Dada mmoja wa kanisani kwetu aliuziwa hicho, akakipiga mara moja akakirudisha kwenye boksi. Tulimwazima ya ukubwa wa kawaida, alianza kutoboa katikati siku hiyohiyo. Kabla ya kununua, kodi. Renji nyingi zinakodisha, na ndani ya saa moja mkono wako utakuambia kuliko muuzaji yeyote.

Mchezo wenyewe, adui yake ni mshtuko. Mwili unajua mlipuko unakuja, basi sehemu ndogo ya sekunde kabla hujamaliza kuvuta triga, mkono unajikaza na kusukuma mdomo wa bastola chini. Huoni, kwa sababu mlipuko unaficha. Dawa yake ni rafiki akupakilie magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye bastola, achanganye risasi za kweli na za bandia bila wewe kujua mpangilio. Ukifika kwenye ya bandia, bastola haipigi, na utaona mdomo wake unavyoinama kama jogoo anayedonoa. Jitu zima lenye misuli linaaibika mbele ya wanaukumbi. Baada ya hapo unajifunza kuvuta triga taratibu, jicho likiwa kwenye alama ya mbele na si kwenye karatasi, mpaka mlipuko ukukute hujautegemea. Inachukua muda mrefu. Mazoezi mengi mazuri mtu anayafanya bila risasi kabisa, baada ya kuhakikisha chemba ni tupu na risasi zote ziko chumba kingine.

Sheria za usalama wanazozifundisha karibu renji zote zilienezwa na Jeff Cooper, afisa wa zamani wa Marines, kikosi cha jeshi la Marekani, aliyeanzisha shule ya silaha ya Gunsite kule Arizona mwaka 1976. Kila silaha ihesabu ina risasi. Usiielekeze kwenye kitu usichokusudia kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yamelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Msimamizi wa renji akimwona mtu anageuka na bastola mkononi ili apigwe picha, anatolewa nje mbele za watu, hela haarudishiwi. Wabongo tunaopenda picha tunatolewa sana.

Ukitoka, unanawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula, na nguo zinafuliwa peke yake. Moshi na vumbi vya mle vina madini ya risasi, yale Waingereza wanayoyaita "lead", na kwa watoto na wajawazito ni sumu mbaya. Mke wangu alipokuwa na mimba nilisimama kwenda kabisa.

"Lakini wewe unaendesha usiku peke yako, si unaibeba?" Hapana. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimkatazi anaweza kutembea na bastola bila kibali chochote. Lakini Texas ikiisha, ruhusa inaisha nayo. Illinois wana kadi yao ya wamiliki, New Jersey wana vibali vyao, California hata kununua unasubiri siku kumi. Lori langu linapita majimbo sita kwa safari moja. Kila mpaka sheria nyingine, na mimi ndiye mgeni mwenye lafudhi.

Kuna sababu nyingine, na hii siisemi sana renji. Mwaka 2016, karibu na Saint Paul kule Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi kama mimi, alisimamishwa na polisi barabarani. Alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola. Alimwambia askari kwa heshima kwamba anayo, na askari akampiga risasi, mchumba wake na mtoto wa miaka minne wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia yule askari. Wenzangu weupe wa renji wakisimamishwa wanataja bastola yao kama wanavyotaja leseni ya udereva. Mimi nikisimamishwa nataka mikono yangu ikae juu ya usukani na nisiwe na lolote la kutaja. Sheria imeandikwa sawa kwetu sote, mwili wangu haujaandikwa hivyo.

Nyumbani bastola yangu inakaa ndani ya sefu iliyofungwa ukutani kwa boliti, tupu. Sheria ya Texas inamwadhibu mtu mzima aliyeacha silaha yenye risasi ovyo, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Mnaniuliza, mwizi akija utafungua sefu saa ngapi? Huenda nisiwahi. Nimepiga hesabu ya hatari zilizomo ndani ya nyumba yangu, na mwizi si wa kwanza kwenye orodha.

Wa kwanza ni huzuni. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa silaha za moto, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua. Mnaona habari za mauaji ya mashuleni, hizo za chumbani hazifiki kwenye simu zenu. Na sisi wa ughaibuni tunaijua ile miezi ya baridi: zamu mbili, deni la gari, simu za nyumbani zote zinaomba hela, na hakuna wa kumwambia umechoka kwa sababu wewe ndiye uliyefanikiwa. Mtu wa hali hiyo asikae na bastola chini ya mto. Jamaa yangu mmoja ndoa ilipovunjika, alituletea zake mwenyewe tumtunzie mpaka akili itulie. Hakuna aliyemcheka. Alizichukua tena baada ya muda mrefu, na leo tunapiga naye bega kwa bega. Kama uko huku na unasoma hii ukiwa kwenye giza hilo, mpe mtu silaha yako leo, na piga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, wanapokea saa 24.

Shemeji, pipa halitabeba bastola. Kusafirisha silaha nje ya Marekani bila leseni ni kosa la serikali kuu, na huko kwenu kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inayotaka kibali kuiingiza. Utapokea viatu, na zile dawa za mama.

Ukija kututembelea kwa viza ya matembezi, renji pia itakuwa taabu kwa sababu niliyomwambia mdogo wangu, labda ukate leseni ya uwindaji kwanza. Ila ninayo bastola ya upepo, ambayo kwa sheria ya serikali kuu haihesabiwi kuwa silaha ya moto. Ile ya Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024 mliyemsambaza WhatsApp kwa kulenga mkono mmoja mfukoni, nayo ilikuwa ya upepo, mita kumi, na yeye na mwenzake waliondoka na medali ya fedha. Gereji yangu haifiki mita kumi, tutafungua mlango. Miwani ya kinga utanunua mwenyewe, ya kwangu siazimi mtu.