Moyo wa mbuzi maabara: kwa mwalimu mgeni wa Biolojia Mtwara mjini

Somo la moyo huharibikia machinjioni. Wa ng'ombe uache: mkaguzi wa nyama huupasua kutafuta vifuko vya tegu, ukifika maabara vyumba viko wazi tayari. Chukua wa mbuzi. Mwambie mchinjaji tangu jana yake kwamba unataka moyo, mapafu na koromeo (bomba la hewa) vikiwa vimeshikana, na mishipa ya juu ibaki urefu wa vidole viwili. Usipomwambia ataikata sawa na nyama, kwani mteja wa bucha ana haja gani na mishipa?

Kwa joto la huku, beba ndoo ya barafu na ufundishe asubuhi hiyohiyo. Friza usiiguse, nyama iliyoganda ikayeyuka hulegea. Moyo mmoja kwa wanafunzi wanne; wa tano atabaki mtazamaji.

Kabla ya kukata chochote, waubonyeze kwa vidole. Upande mgumu ndio wa kushoto. Hapo watabishana, maana moyo ukikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Waache wabishane.

Kisha jaribio la maji, ambalo wengi hulikosa kwa haraka ya kupasua. Suuza damu iliyoganda, mmoja aushike wima, mwingine amimine maji taratibu kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka upande wa kushoto wa moyo. Yakisimama, vali yenye vipande vitatu vya umbo la mwezi mwandamo imefunga. Yakishuka polepole usishtuke: juu kidogo ya vali kuna matundu ya mishipa inayolisha moyo wenyewe, yanapitia humo. Yakizama mara moja, ama bonge la damu limekwama kwenye vali, ama kisu cha mchinjaji kimefika ndani.

Kukata, tumia mkasi wenye ncha butu. Wembe huteleza kwenye mafuta ukaishia kidoleni. Nyuzi nyeupe zinazoshika vali za kati ya vyumba wasizikate, wazivute kwa pini waone zinavyozuia vali zisipinduke. Wapime kuta kwa rula: wa kushoto hukaribia mara tatu ya wa kulia.

Mapafu yajazwe kwa pampu ya baiskeli yenye mpira, kamwe si kwa mdomo. Kuna tawi dogo la hewa linalochomoka kwenye koromeo kwenda pafu la kulia kabla ya njia panda kuu. Mbuzi ndivyo alivyo, binadamu hana. Wasidhani ni kasoro.

Mabaki yafukiwe kina cha goti, la sivyo mbwa watayafukua usiku.