Thuwaiba, kwa T na H

Swali lenu la wiki hii: ni jina gani la msichana lisilosikika sana, ambalo watu hulikosea kulitamka, na kwa nini halijaenea? Sina haja ya kwenda mbali. Ni langu.

Nimezaliwa Wete, Pemba, na kule Thuwaiba halimshangazi mtu. Taabu ilianza nilipohamia Mwanza kikazi. Dirishani kwenye ofisi moja karani aliniuliza, "Suwaiba, siyo?" Nikamwambia, "Thuwaiba, kwa T na H." Akaitikia, akaandika, akanirudishia fomu: Tuhwaiba. Nikakosa la kusema, maana T ilikuwamo na H ilikuwamo.

Sauti yenyewe si ngeni. Ndiyo ile ya thelathini na methali. Kwenye chuo cha Kurani, tulipofika herufi ya nne baada ya alifu, be na te, bibi mwalimu alikuwa akituwekea kidole mbele ya midomo. Ulimi usipokigusa, unarudia. Pumzi ipite kati ya ncha ya ulimi na meno ya juu, na koo litulie. Koo likivuma, umeshatoka kwenye th umeingia kwenye dh ya dhahabu. Rafiki yangu Mkikuyu huniita Dhuwaiba, wala simlaumu, kwani th wanayoiandika kwao hutamkwa kama dh yetu. Huku kwa majirani zangu ni s moja kwa moja. Mtu akiniuliza "samani" ya kitenge changu, mimi bado nafikiria makabati na makochi.

Na sisi wa visiwani tusijifanye watakatifu. Hiyo "ai" ya katikati tunaisaga kila siku: Zubaida amekuwa Zubeda, Zuwaina amekuwa Zuwena, Juwairia amekuwa Juweria. Bibi yangu, aliyenipa jina hili, hajawahi kuniita ila Thuweba.

Sasa, kwa nini halijaenea? Wengi husema ni gumu. Sikubali. Khadija nalo lina kh inayowashinda watu, lakini walisema Hadija na maisha yakaendelea. Aisha akawa Asha. Wahausa walilainisha hili hili langu likawa Suwaiba, na kaskazini mwa Nigeria ni jina la kawaida tu.

Mimi naona sababu ni kisa. Thuwaiba alikuwa mjakazi wa Abu Lahab, naye alimnyonyesha Mtume Muhammad kabla ya Halima, yule mama mnyonyeshaji anayejulikana zaidi. Alimnyonyesha pia Hamza, ndiyo maana Hamza, ami yake Mtume, akawa vilevile ndugu yake wa kunyonya. Lakini sikilizeni maulidi ya Barzanji, ile simulizi ya kuzaliwa kwa Mtume, yanaposomwa: Thuwaiba anatajwa kwa mistari michache, kisha anaingia Halima na kisa chake, na mifugo yake iliyokonda inayonenepa. Mama mjamzito aliyekaa mkekani anaondoka na jina lipi? Akina Halima wamejaa kila mtaa, Lamu mpaka Kigoma. Thuwaiba mwingine, kwa miaka yangu yote ya Mwanza, sijakutana naye.

Isipokuwa mmoja. Jirani yangu, ambaye nilimpeleka hospitali usiku kwa bodaboda mbili, yeye mbele mimi nyuma, alijifungua mtoto wa kike akampa jina langu. Alikuja na cheti cha kuzaliwa mkononi, uso umemwiva kwa aibu: wameandika Suwaiba. "Dada, nirudi wakabadilishe?" Nikakishika kile cheti, nikakumbuka kidole cha bibi mwalimu, nikamwambia aache hivyo hivyo.

Mtoto sasa ana miaka miwili. Ukimuuliza jina, anasema Tuweba.